Alichora vyakula vyote vya Hispania, akakosa cha kula



Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuangalie meza. Siyo ile yetu ya bugali na sombe, hapana. Ni meza ya Hispania na ya Ureno, namna wachoraji wao waliichora kwa rangi ya mafuta katika miaka ya 1600 na ya 1700: mkate, jibini, tini, samaki, keki, chupa ya mvinyo. Najua kuko mwenye atasema: "Wee agronomu, mambo ya picha za Wazungu umeyatoa wapi?" Ana haki ya kuuliza. Acha nianze na namna nilifika pale.

Niliwahi kupata kontra ya miezi sita katika proje moja ya kilimo. Kazi yangu ilikuwa kupita mashamba, kuhesabu mavuno, alafu kupiga foto. Mkubwa wetu alipenda foto safi: maharagi yamejaa kitunga, mihogo imeoshwa mpaka inang'aa, makemba yamepangwa juu ya kitambaa. Mama mwenye shamba akisimama karibu na kitunga chake, mkubwa anasema: "Toa watu. Wafadhili wanataka kuona mazao." Mwezi wa tatu mshahara ukakwama. Wa nne, vile vile. Usiku mmoja niko nimeketi natengeneza raporo ya kurasa 40, imejaa foto za chakula, na mimi mwenyewe tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai kavu tu. Rafiki yangu mmoja aliyesomea historia akanitumia picha kwenye telefone: matango, tomati, na vyombo vya jikoni juu ya meza ya mbao. Chini yake aliandika maneno manne: "Huyu pia alikuwa mwenzenu."

Huyo "mwenzetu" ni Luis Meléndez, mchoraji wa Madrid. Nilinunua mega usiku ule ule, kwa pesa ambayo ilikuwa ya mkate, nikaanza kumfuata. Bado namfuata.

Kwanza tujue tunaangalia nini. Wahispania wanaita picha za namna hii bodegón. Neno linatoka kwenye bodega, ile stoo panapowekwa mvinyo na vyakula. Zamani bodegón ilikuwa pia nyumba ya kulia ya watu wa hali ya chini. Wareno wanasema natureza-morta, yaani asili iliyokufa, sawa Wafaransa wanavyosema. Katika picha hizo mara nyingi hakuna mtu. Kuko tu vitu vya kula na vyombo, vimekaa kimya, vinakuangalia. Ukizizoea unaanza kuona kwamba ule ukimya uko na maneno mengi.

Meléndez alizaliwa Naples mwaka 1716, baba yake Muhispania, mchoraji wa picha ndogo ndogo. Familia ilirudi Madrid yeye akiwa bado mtoto mchanga. Miaka ya 1740, ilipoanza kupangwa shule ya kifalme ya sanaa, ile Academia ya San Fernando, baba yake alikuwa kati ya watu waliopigania ianzishwe, na Luis akaingia kati ya wanafunzi wa kwanza. Alikuwa mwanafunzi mzuri kabisa. Mwaka 1746 alijichora mwenyewe. Picha hiyo iko Louvre, Paris. Amevaa vizuri, amesimama wima, ameshika mbele yake karatasi aliyochora mwili wa mwanaume, lile zoezi la shule. Mimi nilipoiona nilicheka. Ni foto ya kolasio! Sawa sisi siku ile tunashika diplome mbele ya kamera, togo imeazimwa, viatu vimeazimwa, na nyuma yetu mama analia kwa furaha.

Alafu mambo yakaharibika. Baba aligombana na wakubwa wa ile Academia, akaandika malalamiko yake hadharani. Mwaka 1748 baba akafukuzwa, na mtoto naye akafukuzwa pamoja naye. Kosa la mmoja, malipo ya wawili. Luis alikwenda Italia miaka michache, akarudi, akafanya kazi ya kupamba vitabu vya nyimbo vya kanisa la mfalme. Mwaka 1760 akaandika barua kuomba cheo cha mchoraji wa mfalme. Hapana. Mwaka 1772 akaandika tena. Hapana. Wale kati yetu wanaotembea na sivi kwenye bahasha ya kaki kutoka biro moja mpaka ingine, wataelewa bila mimi kueleza zaidi.

Bon. Katikati ya zile barua mbili, kazi ikapatikana. Kuanzia mwaka 1771 alichorea mwanamfalme Carlos, yule ambaye baadaye alikuwa mfalme Carlos wa nne, mfululizo wa picha za vyakula. Zilifika zaidi ya 40, na sehemu kubwa iko leo katika makumbusho ya Prado, Madrid. Katika barua ya 1772 mwenyewe alieleza mpango wake: kufanya chumba kizima cha picha kinachoonyesha kila aina ya chakula ambacho hali ya hewa ya Hispania inazaa, kwa kufuata vitu vinne: ardhi, maji, hewa na moto. Angalia, hiyo ni proje ya agronomu! Ni kama mtu akuambie: chora kila kitu kinachoota ao kinachofugwa ao kinachovuliwa hapa Kivu, usiache kitu. Lakini katika barua hiyo hiyo alisema kwamba amemaliza tu matunda ya ardhi, juu hana uwezo wa kuendelea, na hata cha kumlisha yeye mwenyewe kinakosekana. Burashi zake njo mali yake.

Soma tena. Mtu anachora chakula cha nchi nzima kwa ajili ya mwanamfalme, na anaandika kwamba hana cha kula. Kazi ilisimama mwaka 1776. Mwaka 1780 alikufa Madrid akiwa maskini, na ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi kwamba ni maskini.

Sasa hapa ningeweza kusimama, tulie pamoja, tuseme dunia ni mbaya. Lakini hii ni makala ya kuhakiki, siyo matanga. Swali ni: picha zenyewe zina thamani gani? Ao tunazipenda tu juu ya kumhurumia mwenye kuzichora?

Mimi nasema zina thamani, na naweza kuonyesha wapi. Chukua ile ya matango na tomati, ya mwaka 1774. Meléndez anakuweka karibu sana na meza, macho yako chini kidogo, kama mtoto aliyefika kimo cha meza na anataka kuiba. Vitu vinakuwa vikubwa, vizito. Tomati zake siyo zile laini za sanduku tunazoletewa mujini. Ziko na mbavu mbavu, kila moja na umbo lake, sawa zile za mbegu ya zamani ambazo ba mama wanaleta Kadutu kutoka milimani. Matango yake yana vipele. Ukiangalia matunda katika picha zake zingine utaona madoa, ngozi iliyopasuka, mahali ndonya iligonga ao mdudu alipita. Mimi nimefundishwa kutafuta ugonjwa kwenye jani, na nawaambia: huyu bwana aliangalia vizuri kuliko wengi waliopata alama nzuri kwenye TP ya fitopatolojia. Hakuficha doa ili mwanamfalme afurahi. Foto zangu mimi zilificha. Mihogo yenye madoa tulikuwa tunaigeuza upande mwingine.

Vyombo vyake pia ni vya kawaida: sufuria ya shaba iliyotumika, mtungi wa udongo, kikapu, meza ya mbao yenye mikwaruzo. Mwanamfalme alikuwa na sahani za fedha nyumbani kwake. Meléndez mara nyingi alimpelekea jikoni.

Alafu kuko kitu kimoja ambacho kilinishika zaidi. Katika picha ya mwaka 1770, yenye sanduku la tamutamu, mkate wa mviringo na glasi, kuko chombo cha kupozea mvinyo. Chombo hicho kimetengenezwa na ganda la mti. Ni ule mwaloni wa Hispania na Ureno ambao ganda lake linatoa vizibo vya chupa. Theluji ilikuwa inatolewa milimani, inafukiwa katika mashimo mpaka wakati wa joto, alafu inauzwa Madrid. Unaiweka ndani ya chombo cha ganda, unashindilia chupa katikati, mvinyo unabaki baridi. Hakuna kuran, hakuna frigo, na SNEL haihusiki.

Huo mti unastahili heshima yetu. Unaupanda, unangoja kama miaka 25 ndipo unatoa ganda la kwanza. Baada ya hapo unangoja miaka 9 kati ya mavuno na mavuno, na kwa kawaida ni mavuno ya tatu yanayofaa kwa kizibo kizuri. Piga hesabu: zaidi ya miaka 40. Mtu mzima anaupanda, mjukuu anaziba nao chupa. Mti haukatwi, wanaume wenye shoka wanauvua nguo polepole bila kuumiza ngozi ya ndani, alafu wanaandika kwa rangi namba ya mwisho ya mwaka huo juu ya shina, ili atakayekuja ajue lini arudi. Sisi tunaofanya proje za miezi sita, tukae chini tufikiri. Kasiksi yetu tunaifunga na majani ya mgomba, inakunywewa ndani ya siku chache, na hakuna ubaya. Lakini kuko namna ya kulima ambayo inakubali kwamba mwenye kupanda siye mwenye kufaidi, na Meléndez aliiweka mezani bila kuipigia kelele.

Sasa nije kwenye lawama, juu lawama iko.

Alisema atachora kile ambacho hali ya hewa ya Hispania inazaa. Lakini tomati asili yake ni Amerika. Ilivuka bahari miaka ya 1500. Na iko picha yake nyingine ya mwaka 1770, pia Prado, yenye vyombo vya kunywea chokoleti pamoja na mikate midogo. Kakao haioti Hispania. Haijawahi. Ukipanda Madrid, baridi ya kwanza inaimaliza. Kwa hiyo kile alichoita hali ya hewa ya Hispania kilikuwa kikubwa kuliko Hispania: kilikuwa na merikebu, bandari, mashamba ya ng'ambo, na watu ambao hawakuulizwa. Hapo picha inanyamaza. Tomati iko na mbavu, iko na doa, lakini haina safari.

Kunyamaza huko tunakuona vizuri zaidi Ureno, kwa mwanamke mmoja mchoraji: Josefa de Óbidos. Alizaliwa Sevilla mwaka 1630, baba Mureno, naye mchoraji. Akakulia na akaishi katika mji mdogo wa Óbidos mpaka alipokufa mwaka 1684. Kwa wakati ule mwanamke mwenye kusaini picha kwa jina lake na kuendesha mali yake mwenyewe alikuwa kitu cha nadra, na ba dada zetu wanaosoma hapa wajue jina lake. Iko picha yake ya mwaka 1676, inatunzwa Santarém: keki, biskuti, tamutamu na vyungu vya udongo, vimepambwa na maua na utepe kama harusi. Ni tamutamu za konventi. Masista wa Ureno walikuwa mabingwa wa vitu hivyo, sukari nyingi na viini vya mayai vingi, na mpaka leo Wareno wanaziita tamutamu za konventi kwa fahari.

Kama mchoraji, mimi namweka Josefa chini kidogo ya Meléndez. Vitu vyake vimepambwa sana, vinapozi. Sukari yake inang'aa lakini haina uzito. Lakini siyo hapo shida. Shida ni: sukari ile ilitoka wapi? Kabla ya Josefa ilikuwa Madeira, alafu São Tomé, na katika miaka yake ilikuwa Brazil. Na nani alikata miwa? Katika São Tomé ya miaka ya 1500 na Brazil ya miaka ya 1600, watumwa wengi walitolewa upande wa Kongo na Angola. Hapo meza ya Óbidos inagusa nchi yetu, bila mimi kuivuta kwa nguvu.

Na tuko na ushahidi wa mtu wa kwetu. Mwaka 1526 mfalme wa Kongo Afonso wa kwanza, Mvemba a Nzinga, alimwandikia mfalme wa Ureno João wa tatu. Alilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa na ndugu zake, na nchi inabaki tupu. Akasema kile anachohitaji kutoka Ureno ni mapadri na walimu wachache wa shule. Na kwa bidhaa, hakuna ingine isipokuwa divai na unga kwa ajili ya sakramenti.

Mimi nimesoma historia ya shule kama ninyi, lakini sentensi ile ya divai na unga nilikuwa sijaitilia maanani. Mfalme anasema: kutoka meza yenu nahitaji vitu viwili tu, mvinyo na mkate, na hivyo siyo kwa tumbo. Mengine yote kaeni nayo. Biashara ya watu haikusimama. Miaka 150 baadaye, mchoraji mwema wa Óbidos anapanga keki juu ya meza, na sukari yake imepita katika njia ambayo Afonso aliomba ifungwe. Josefa hakufanya uovu. Labda hakujua. Lakini mwenye kuhakiki hawezi kusema "picha nzuri" akapita.

Je, kuko mchoraji ambaye alionyesha mikono? Iko, na alikuwa kijana kutuzidi. Diego Velázquez wa Sevilla, aliyezaliwa 1599. Mwaka 1618, akiwa hajafika ata miaka 20, alichora mama mzee anakaanga mayai katika chungu, na kijana karibu yake ameshika tikiti na chupa ya mvinyo. Picha iko Edinburgh. Mayai unaona namna yanaanza kuwa meupe ndani ya mafuta, na kijiko cha mama kinangoja. Wakati ule ule karibu, alichora picha ingine ambayo iko Dublin, inaitwa La mulata: mwanamke wa asili ya Afrika jikoni, ameinama juu ya meza, kuko mitungi, kuko kitunguu saumu, kuko kitambaa. Nyuma yake, kupitia dirisha dogo, Yesu anakula na wanafunzi wake kule Emau. Sehemu hiyo ya Emau ilikuwa imefunikwa na rangi. Ilionekana tena picha iliposafishwa mwaka 1933.

Sevilla ya wakati ule ilikuwa na Waafrika wengi, watumwa na walioachiliwa huru. Velázquez aliwaona kila siku. Na aliamua kwamba mtu aliye mbele, mkubwa, mwenye mwanga usoni, ni yule anayeosha vyombo. Bwana mwenyewe yuko nyuma, mdogo. Kichwa cha yule mama kimegeuka kidogo, kama amesikia kitu. Mimi naamini anasikiliza yale yanayosemwa mezani. Mkate unamegwa kule, na yeye ndiye aliyeuandaa. Kwangu mimi, kati ya picha zote nilizotaja leo, hii njo kubwa kuliko zote. Meléndez alimshinda kwa tomati, alimshinda kwa mkate, lakini hakuna picha yake yoyote ya chakula ambayo ina sikio.

Kuko mwenzangu mmoja, mwanasheria, nilimsomea mawazo haya, akanijibu: "Sawa, basi tuziache. Ni picha za wakubwa, zililipwa na damu, kwetu hazina kazi." Sikubali. Kwanza, juu hatuwezi kuziacha; zimo katika mdomo wetu. Neno meza ni la Kireno. Mvinyo ni vinho yao; divai sisi tuliipata kwa Wafaransa na Wabelgiji. Nao pia walichukua kwetu: pilipili ilitoka Amerika, ikafika Afrika na merikebu za Wareno, sisi tukaipa jina la kwetu, na leo Mureno akipika kuku wake wa piripiri anasema neno la Afrika bila kujua. Mihogo, mahindi, karanga: vilipita mikononi mwao. Ukitoa kwenye sahani yetu kila kitu kilichopita bandari za Ureno, sijui tutakula nini jioni. Sombe yenyewe inatoka.

Pili, juu zinatufundisha kusoma. Kitu kilichopangwa vizuri mbele yako, uulize: kimetoka wapi, nani alikilima, nani alilipwa, nani alitolewa kwenye picha? Swali hilo linafaa kwa Meléndez, linafaa kwa Josefa, na linafaa zaidi kwa raporo ya proje.

Tatu, kuko jambo la jina. Mwaka 1756, Meléndez akiwa Madrid hana cheo, serikali ya Ureno chini ya waziri Carvalho e Melo, yule anayejulikana kama Marquês de Pombal, iliweka mipaka ya bonde la Douro: mvinyo wa Porto utoke humu, usitoke kwingine. Walisimamisha nguzo za mawe ya granite kuonyesha mpaka. Nyingine zingali zimesimama. Wadogo waliumia: mwaka 1757 watu wa mji wa Porto waliasi juu ya kampuni iliyopewa nguvu zote juu ya mvinyo, na wengi waliadhibiwa, wengine kwa kunyongwa. Lakini wazo lilibaki: kitu cha shamba kinaweza kuwa na jina, mpaka na karatasi. Mvinyo ulipata karatasi. Mchoraji wa meza hakuipata. Na mkulima wetu, ambaye kahawa yake inavuka mipaka usiku ndani ya mifuko bila jina, hana ata mojawapo.

Narudi kwangu, nimalize. Ile kontra iliisha. Miezi miwili walilipa, mingine mpaka leo tunaiita "iko njiani". Sitaji jina la mtu, na sijiweki sawa na Meléndez. Yeye alikuwa fundi, mimi nilikuwa na telefone yenye kioo kilichopasuka. Lakini nilirudi kwenye foto zangu zote, zile mia tatu na kitu, nikaziangalia kama bodegón. Ni nzuri. Maharagi yanang'aa. Na katika foto moja tu, kwenye pembeni, niligundua kidole. Ni kidole gumba cha mama mmoja wa Walungu, ameshika ukingo wa kitunga, kimeingia kwenye foto kwa bahati mbaya. Nakumbuka nilitaka kukikata, kompyuta ikazimika kabla sijakikata, juu kuran ilikatika.

Nimekuwa na kazi ingine ndogo tangu mwezi uliopita, ya kuhesabu migomba iliyopigwa na ugonjwa wa mnyauko. Raporo ya kwanza nimeipeleka juzi. Chini ya kila foto nimeandika jina la mwenye shamba, kwa ruhusa yake, na kijiji chake, na yeye mwenyewe amesimama karibu na mgomba wake, mgonjwa hivyo hivyo, madoa yote yakionekana. Bado sijajibiwa.

Wenye mega wafungue picha hizo, ziko wazi kwenye kurasa za makumbusho hayo na hazilipishwi. Anzeni na ya Dublin.